Ubao wa Velko

Velko alikuwa mtu wa kuziba. Simsengenyi, ukuta wake na wangu ni mmoja, na mimi si mtu wa kufumba macho. Kibaraza chake alikiziba kwa matofali na vioo kabla ya mtu yeyote katika jengo letu. Achari ya majira ya baridi aliifunga mwenyewe kwenye chupa, na ole wake mkewe Donka aguse kifuniko! Hata mdomo wake aliuziba. Maisha yake yote alikuwa fundi umeme wa kreni za bandari ya mji wetu, Lom, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumsikia akisema jambo la moyoni.

Kwenye mlango wetu wa chini hubandikwa karatasi za marehemu, kama kwenye milango yote ya mji: picha, jina, maneno machache, na mwisho majina ya waliofiwa. Ya mtoto wao wa pekee, Iliyan, ilibadilishwa kila Novemba, mwezi aliofariki. Maneno yalikuwa yaleyale: "Hatujakusahau. Mama na baba." Velko ndiye aliyeibandika, kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe. Selotepu hakuiamini.

Iliyan alifia jeshini. Siku zile kila kijana aliitwa, na asiyekwenda hakuhesabiwa mwanamume, hata mchumba alimkosa. Alianguka kwenye mwendo wa mazoezi, mzigo mgongoni. Wakatuambia ni moyo. Ulikuwa mbovu na hakuna aliyejua.

"Mimi ni mama gani, Tsonka?" Donka alikuwa akiniambia, kahawa yake ikipoa mezani kwangu. "Kijana anaumwa ndani ya nyumba yangu na mimi sioni! Macho yangu yalikuwa wapi?"

Miaka yote hiyo alijitafuna namna hiyo. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi!

Kilichobaki ni mkanda wa video wa sherehe ya kumuaga. Shemeji yao alikuwa amekuja kutoka Ujerumani na kamera, akapiga kila kitu: meza iliyovutwa hadi mwisho, wanakondoo waliochomwa, wanamuziki wa zumari na akodiani wakipiga hadi shingo zinawavimba. Kwetu anayekwenda jeshini huwekewa mtungi wa maji kizingitini, aupige teke kwa mguu wa kulia, safari yake iteleze kama maji. Sasa, Donka alipokuwa jikoni akijaza ule mtungi, na Velko akimbandika mpiga akodiani noti kwenye paji la uso, Iliyan aliisogelea kamera na kusema neno. Midomo inaonekana. "Mama" unalisoma wazi. Mengine yote yamemezwa na zumari. Shemeji mwenyewe alikuwa chakari, hakukumbuka kitu, na siku hizi naye yuko kwenye karatasi za mlangoni.

Basi Donka akaanza kupoteza masikio. Daktari akamwambia kilichobaki nacho kinakwenda. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akasimama mbele ya mumewe, nilikuwepo.

"Velko, kabla sijawa kiziwi kabisa, nataka kusikia mwanangu alisema nini. Sitaki kingine."

"Utasikia," Velko akasema.

Nilidhani ni maneno tu ya kumtuliza. Kumbe mzee alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Mpwa wao, alipohama, aliwaachia mtambo wake wa sinema ya nyumbani. Spika za pembeni zilikuwa nzima, ila ile ya katikati, inayotoa mazungumzo, ilikuwa imekufa. Velko alinieleza kwa kijiko na vikombe: kamera ya shemeji ilikuwa na masikio mawili, wanamuziki walikaa upande mmoja, kijana alisimama katikati. Mtambo ule unajua kutenganisha. Cha katikati unakipeleka katikati. "Nikichomoa za pembeni, nampata yeye," akasema. Sikuwahi kumwona na uso ule.

Ya dukani hakutaka hata kuiulizia. Alizunguka kwenye mapipa ya taka akifungua televisheni zilizotupwa, akarudi na spika mbili za karatasi, nzima, na kijispika kidogo cha sauti nyembamba. Halafu akafanya nini? Akaziba, bila shaka! Alizijengea sanduku, akalipiga gundi, kila upenyo akaujaza lipu. Akatuita tulisikilize, mimi na Gancho wa ghorofa ya chini, asiyejua kukaa kimya.

Tukawekewa taarifa ya habari. Msomaji akavuma kama yuko pipani.

"Loo, Velko!" Gancho akacheka. "Umemfungia mtu wa watu kwenye chupa! Mtie na siki basi, tumle Krismasi."

"Toka kwangu."

"Natoka, natoka. Mfungulie maskini apumue!"

Velko alinuna wiki nzima. Siku aliyoamua kukagua waya, akafungua mbao za nyuma, akawasha tena hivyo hivyo, matumbo nje. Donka akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nani anaongea?"

Hapo mzee alikaa chini. Kwa miezi Donka hakuwa amesikia kitu kutoka chumba kile.

Sanduku lote akalitupa. Alitwaa ule ubao wa kurefushia meza, ambao tangu siku ya kumuaga Iliyan haukuwahi kuhitajika tena, akautoboa matundu matatu, akafunga spika, akalehemu kapasita moja, ya kuzuia sauti nzito, kwenye kile kidogo, akaupa miguu miwili. Basi. Ubao mtupu, mgongo wazi, waya zinaning'inia. Sauti ilitoka mbele, ikatoka na nyuma, hadi nikasikia utabiri wa hali ya hewa nikiwa kitandani kwangu. Nikagonga ukuta.

"Kesho kuna theluji, nimeshasikia! Usogeze mbele huo ubao!"

Akausogeza. Na ulivyoachana na ukuta, sauti ikazidi kusafika.

Jumapili baada ya ibada Donka aliniita. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, jamani, kama anapokea mgeni. Kiti chake kilikuwa karibu na ubao hadi magoti yanagusa. Velko akachomoa spika za pembeni. Zumari likafifia, likawa kama liko mtaa wa pili. Iliyan akaikaribia kamera, mashavu mekundu kwa pombe, na akaongea nasi chumbani mle.

"Mama, najua utaitazama hii nikishaondoka. Usinikasirikie. Kifua kinanibana tena, tangu Agosti. Nilimwambia baba, kasema ni woga tu, utapita, nisikutie hofu. Nikirudi tutaenda kwa daktari, mimi na wewe. Haya, usilie."

Kisha akageuka, akaenda kuupiga mtungi teke.

"Rudisha," Donka akasema.

Velko akarudisha. Angeweza kukata waya, angeweza kusema imeharibika. Lakini alirudisha, na kijana akayasema yote upya, herufi kwa herufi. Kazi ilikuwa safi mno.

"Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Na wewe ukaniacha nijilaumu miaka yote hii? Ukikaa hapo unafunga chupa zako?"

Velko akainama kuokota waya alizochomoa. Nilitamani nimzabe kofi, wallahi, na papo hapo machozi yakanitoka kwa ajili yake, hata sielewi. Donka hakupiga kelele. Aliuzima mtambo mwenyewe, akaingia chumba cha Iliyan na tangu siku hiyo analala humo. Chakula anampikia, shati anampigia pasi. Kumsemesha, hapana. Watu wanadhani ni uziwi.

Novemba ikafika. Safari hii Donka alikwenda mwenyewe kwa mpiga chapa, akaiacha karatasi juu ya meza ya jikoni. Nilimkuta Velko chini mlangoni, sufuria ya gundi mkononi, ameiondoa ya zamani na hajabandika mpya. Nikasoma begani kwake. Picha ileile. "Sijakusahau. Mama." Imeishia hapo.

"Velko, lete, nitabandika mimi," nikamwambia. "Panda juu, baridi hii."

Alitikisa kichwa. Akapaka gundi polepole, hadi pembeni kabisa, akaibandika, akaipitishia kiganja kutoa hewa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Tazama, Tsonka. Haijapinda?"

"Haijapinda," nikasema.