Kesi ya Maua Mekundu ya Mama Isaka

Tabita, ambaye mtaani kwao Chapwa wote humwita Mama Isaka, alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: chapati zake, ambazo madereva wa malori walizisubiri kwenye foleni ya mpakani, na maua ya madhabahuni. Kwa miaka kumi na tisa hakukosa Jumapili hata moja kuyapanga. Wapo waumini ambao mahubiri huwatoka kabla hawajafika nyumbani, lakini maua ya Mama Isaka wanayakumbuka mpaka leo.

Mwezi wa nane yakaota maua mageni bustanini kwake, kando ya tuta la chainizi. Hakuyapanda. Alikuwa ametandaza nyasi kavu zilizotupwa na malori, zile za kuzuia vyombo visivunjike njiani, na humo ndimo yalimotokea: mekundu, mapana kama visahani vya chai, yenye doa jeusi katikati. Tabita akafurahi mno. Jumapili akayapeleka kanisani.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa mtaa, Ambakisye, akapiga hodi. Aliyapiga picha yale maua wakati wa sadaka, akaiuliza simu yake ni maua gani, simu ikamjibu ni mpopi. Akauliza mpopi ni nini, ikamjibu habari za afyuni.

"Mama Isaka, umeweka dawa za kulevya madhabahuni."

"Jamani mwenyekiti, yamejiotea!"

"Hata bangi hujiotea, mwenyewe akishakamatwa."

Ambakisye hakuyang'oa, maana huko ni kuharibu ushahidi. Aliyazungushia kamba ya katani na kuchomeka kibao: YAKO CHINI YA UCHUNGUZI. Kanisa nalo likamsimamisha Tabita huduma mpaka alete barua ya mtaa. Barua tu! Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine, na kwa sababu yake alilia peke yake mbele ya kikaango mpaka chapati zikaungua.

Fides, bibi shamba wa kata, akaitwa. Alichuchumaa, akapapasa majani.

"Mipopi iko mingi," alisema. "Ile ya afyuni majani yake ni laini, yana rangi ya kabichi, yamelikumbatia shina. Haya yana manyoya. Halafu ile ni ya msimu mmoja, ikishatoa mbegu inakufa mpaka mzizi. Ya kudumu inakauka juu tu, mvua zikija inachipua."

"Manyoya si ushahidi," alisema Ambakisye. "Hata mbuzi anayo. Tutasubiri. Yakifa, ni afyuni. Yakifufuka, hayana hatia."

"Basi niyamwagilie?" aliuliza Tabita.

"Ukimwagilia, unalima dawa za kulevya."

"Nisipomwagilia yakafa?"

"Yatakuwa yamejithibitisha yenyewe."

Kamati ya watu saba ikaundwa. Kila Jumatano walikuja kuyakagua, wakala chapati za bure, wakaandika: "La kwanza, hoi. La pili, linajitahidi." Tabita akahamishia kazi ya kuosha vyombo pale kando ya kamba. Maji yakimwagika, basi, yamemwagika. Ambakisye akaandika: "Maji ya vyombo, sufuria moja, nia haijulikani."

Kufikia mwezi wa kumi yote yalikuwa yamekauka kau. Majirani wakaanza kumpa pole, na wengine wakawa wanapita njia ya mbali wasije wakaitwa mashahidi.

Mvua zikaja. Asubuhi moja Tabita alikuta vichipukizi vitatu vya kijani. Akaingiza mkono chini ya kamba, akapapasa. Vilikuwa na manyoya. Alipiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukadhani kuna harusi.

Kamati ikakaa, barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Tabita aliisoma amesimama: "Kamati imeridhika kwamba maua yaliyotajwa hayana hatia, na yanaruhusiwa kuendelea na shughuli zake."

"Na mimi, mwenyekiti?"

Ambakisye akafunua muhtasari, ukurasa baada ya ukurasa. "Wewe hukuwa kwenye ajenda, mama."

Wazee wa kanisa waliisoma barua mara mbili, wakaikubali kama ilivyo. Maua yalipochanua, wakamtuma Restuta wa kwaya kuyachuma. Jumapili ile yakasimama madhabahuni katika mtungi, yamepangwa ovyo, yote yametazama ukutani. Tabita alikuwa benchi la nyuma, bado amesimamishwa. Aliumia, na kilichomuuma zaidi ni ule mpangilio.

Wimbo wa pili ulipoanza aliinuka, akatembea katikati ya kanisa akiimba na wenzake, akapanda ngazi ya madhabahu na kuubeba mtungi. Ambakisye alimfuata hadi mlangoni.

"Unayapeleka wapi, Mama Isaka? Maua yana ruhusa ya kukaa hapa."

"Yana ruhusa, ndiyo," alisema Tabita. "Ila hayana mtu."

Akavuka barabara kati ya malori kurudi kwake, bado anaimba ubeti wa tatu.