Mwisho wa Lami

Asubuhi ile pale mwisho wa lami tulikuwa watu sita: dereva wa basi, utingo wake, wachuuzi wawili wa ndizi, bibi mmoja mwenye kikapu aliyekuwa akienda Mkoani, na mimi, karani wa magari.

Tajiri wetu alikuwa na magari mawili. Basi lilikuwa jipya, lakini tumbo lake liko chini. Likitoka kwenye lami hukwama. Lori kuukuu ndilo lililomudu matope ya Wingwi. Abiria wa lori walishuka hapo wakapanda basi la Wete na Mkoani. Saa za magari yote mawili nilizipanga mimi, niliyeacha skuli wazee wetu walipokufa. Na sheria niliiweka mwenyewe: basi halingoji lori.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa ndani ya lori, anakuja Wete kufanya mtihani wa kuendelea na masomo. Kati ya wadogo zangu wanne niliokuwa nikiwalea, ndiye aliyependa kitabu. Saa mbili, saa ya basi kuondoka, ikafika, mvua inanyesha, lori halionekani. Saa zile nilizipanga wakati wa jua, masika sikuyafikiria.

"Karani, nitie moto?" dereva akauliza.

"Ngoja kidogo."

Bibi akanitazama. "Kwani leo basi lako lina subira? Juzi uliniacha hapa hapa na kuku wangu, napunga mkono kama mwendawazimu."

"Leo saa za karani zimerowa, Bi," utingo akasema. Wachuuzi wakacheka.

Bibi hakucheka. "Mwanangu, meli hainingoji. Binti yangu yuko Unguja, mimba ya kwanza, siku zake zimefika. Hana mtu kule."

"Mdogo wangu ana mtihani, Bi."

Angepiga kelele, dereva angemsikiliza. Lakini alikiweka kikapu chini, akakaa kando yake.

Lori lilichelewa saa nzima. Mdogo wangu aliuwahi mtihani. Bibi alikuta meli imeondoka, na binti yake akajifungulia mikononi mwa majirani.

Nilipanga saa upya, za jua mbali na za masika mbali, nikiwa na uchovu usioondoka kwa kulala.

Bibi aliporudi kutoka Unguja, alishuka pale pale. Nikampokea kikapu.

"Kafaulu?"

"Kafaulu, Bi."

"Alhamdulillahi."

Akashika njia ya kwao kwa miguu. Nilitaka kumwita, lakini lori lilikuwa linapiga honi, saa yake imefika, nikageuka kwenda kuliruhusu. Mdogo wangu leo ni mwalimu. Radhi ya bibi yule bado sijaiomba.