Mzinga wa Kindi

Mama hakuwa mtu wa kungoja mvua. Mawingu yakianza tu kujikusanya, yeye alikuwa ameshapiga mistari kwenye udongo mkavu na kufukia mahindi na kunde, ili tone la kwanza likute mbegu chini. Anayetafuta jembe mvua ikinyesha, alisema, atakula kwa jirani. Mwaka ule, katika miaka ya sabini, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani, karibu na Ikutha, kungoja matokeo. Mama alipanda karibu mbegu zake zote, mimi nikifukia nyuma yake. Kilichobaki kilikuwa kibuyu kimoja, mbegu zimechanganywa na majivu zisitobolewe na wadudu.

Mvua ikachelewa. Asubuhi ya tatu baada ya kupanda tukakuta vishimo shambani, kimoja baada ya kingine, vimefuata mstari wa mama, na kila kimoja kitupu.

Jibu nilikuwa nalo, maana nilikuwa nimesoma. Nikatangaza kwamba mwizi ni kindi, na kwamba kindi huishi mtini. Na mti wao ulijulikana: mgunga wa baba, ambapo palining'inia mzinga wa gogo uliohamwa na nyuki. Nilikuwa nimewaona wakiingia na kutoka humo mchana kutwa. Baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliniuliza mimi bintiye kama nina hakika. Nikasema ninayo. Siku zile nilijiona kama mimi ndiye niliyeianzisha biolojia.

Akaupanda mti, akaufunga mzinga kamba na kuuteremsha. Kamba ikamponyoka karibu na chini, mzinga ukatua kwa kishindo. Tulipofungua kifuniko tukakuta nyasi laini, mbegu za mgunga, vipande vya gundi ya mti, na watoto watatu ambao macho yao hayajafunguka. Mmoja alikuwa hapumui. Nikapekua zile nyasi nikitafuta punje moja ya mahindi, walau kunde moja, initetee. Sikupata. Niliona aibu.

Baba alimtoa aliyekufa, akaurudisha mzinga juu na wale wawili, tukaenda kusimama mbali. Mama yao alirudi akikimbia matawini. Akaingia, akatoka na mtoto mdomoni, akampeleka kwenye tundu la mti wa jirani. Akarudi kumchukua wa pili. Kisha akarudi mara ya tatu. Alikaa ndani muda mrefu, na alipotoka mdomo ulikuwa mtupu. Sikujua kwamba kiumbe mdogo vile anaweza kujua idadi ya wanawe.

"Kesho usiseme kitu," baba aliniambia. "Kuja tukae."

Tukakaa pembeni mwa shamba. Jua lilipopasha udongo, kutoka kwenye shimo lililo chini ya kichuguu akatokea kindi mwingine kabisa: mkubwa zaidi, manyoya makavu kama brashi ya viatu iliyozeeka, rangi ya udongo wetu, jicho limezungushiwa weupe. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akatazama huku na huku, kisha akaushika mstari wa mama. Alichimba palipo na mbegu tu, hakukosea hata mara moja. Mimi niliyezifukia nisingeweza kukuonyesha hata moja. Nilisahau kuwa anatuibia. Nilimtazama mdomo wazi.

Baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu hapandi mti hata mbwa akiwa mkiani. Kuna mwenzake mwenye mstari mweupe ubavuni, naye ni wa shimo vilevile. Na kule karibu na Tana, alikowahi kwenda kutundika mizinga, yuko wa mtini mwenye tumbo jekundu, ambaye huku kwetu hajamwona. Wote hao nilikuwa nimewapa jina moja na hatia moja.

"Jina unajua," baba alisema. "Lakini hii mnyama hujawahi kukaa ukaiangalia."

Mama aliposikia hakunigombeza. Alinipa kile kibuyu chote, akasema nirudishie mbegu na kuziba vishimo vyote mwenyewe, na nilinde mwenyewe. Nikalinda. Kila siku, tangu jua kuchomoza hadi kutua, yule wa shimo alisimama kwenye kichuguu chake akinitazama, nami nikamtazama na bonge la udongo mkononi, mpaka mvua iliponyesha. Mbegu ziliota. Mama alipita katikati ya mistari akiinama, na nikapumua.

Mzinga ule baba hakuuteremsha tena. Mgeni akimuuliza ana mizinga mingapi, alihesabu mpaka kumi na moja, kisha akasema kuna mwingine, lakini huo si wake, amwulize binti yake.