Korongo Lililopanda Mlima

Kila ninaponunua karanga za kuchemsha stendi hapa Dodoma, hulinusa ganda kabla ya kulibanja. Muuzaji hunitazama kama mtu aliyepungukiwa na kitu kichwani. Simlaumu. Katika mikunjo ya ganda hubaki udongo kidogo, hata karanga ikioshwa mara tatu, na udongo ule ukipata mvuke hutoa harufu ninayoijua vizuri: harufu ya shamba la kina Nyemo. Nikiisikia, na hapa nawaambia ukweli, bado roho huniuma.

Nyemo alikuwa binti wa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Tulilingana umri, tukakalia dawati moja. Kwetu kulikuwa mteremkoni, katika kijiji kimoja kati ya Mpwapwa na Gulwe. Shamba letu lilikuwa juu, lao likawa chini yetu, na chini kabisa lilipita korongo kubwa lililochukua maji ya kijiji kizima. Nyuma ya nyumba yetu kilisimama kilima cha mawe matupu. Mchana jua liliyachoma mawe yale, alfajiri baridi ikayabana, basi yakabanduka magamba kama kitunguu. Ukilikanyaga gamba, lilivunjika likawa changarawe.

"Jiwe nalo huzeeka," mama alikuwa akisema. "Likizeeka sana, huwa shamba."

Hakuongeza kwamba shamba likishakuwa shamba huhama. Kila mvua iliponyesha nilisimama mlangoni nikaliona letu likiondoka, maji yenye rangi ya chai ya maziwa yakiteremka taratibu hadi kwa Mama Mkubwa, yakatulia pale kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Sisi tulibakiwa na kokoto. Wakati wa kuvuna, tuling'oa mashina ya karanga yenye maganda matatu, mawili yakiwa matupu. Nyemo alikuja shuleni na mfuko wa karanga nene kama vidole gumba vya mtoto.

"Chukua, Chiku," aliniambia mbele ya wenzetu. "Usione haya. Si udongo wenu huu?"

Darasa zima lilicheka. Nilizichukua, nikazila zote, na kila moja ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Msimu uliofuata, mama alipokwenda zahanati na mdogo wangu, nilichukua jembe. Mpango wangu ulikuwa na mpangilio mzuri, kwa maana hata wakati huo nilipenda mambo yaliyonyooka. Nilichimba mfereji kuanzia ukingo wa chini wa shamba letu, ukapita kando ya shamba lao penye kichaka cha miiba, ukashuka moja kwa moja hadi korongo kubwa. Kama udongo wetu ni lazima uondoke, basi uende kwa yeyote isipokuwa Nyemo. Nilichimba siku nzima. Viganja vilitoka malengelenge, nikayaficha kwa kusema nimeungua na sufuria ya mlenda.

Mvua ya kwanza ilinitii. Maji yaliingia mferejini, yakapita mbio kando ya shamba la Nyemo bila hata kulisalimu. Nilicheza mlangoni peke yangu.

Baada ya mvua ya pili nilishuka kuona. Pale mfereji ulipomwagikia kwenye korongo kubwa, ukingo ulikuwa umemeguka, maji yameacha shimo la kunifika magotini. Baada ya mvua ya tatu shimo lilikuwa limesogea hatua kumi. Lakini halikusogea kushuka. Lilisogea kupanda. Mimi nilidhani korongo hufuata maji. Kumbe maji huanguka kwenye mdomo wake, yakala ukuta wa mbele, nalo likarudi nyuma kuelekea yanakotoka. Penye miiba mizizi ililibana likabaki jembamba. Lilipofika kwetu, ambako hapakuwa na hata jani la kulizuia, lilijipanua. Likameza tuta la kwanza la mtama, kisha la pili.

Mama alisimama ukingoni, mikono kiunoni. Aliutazama ule mstari kutoka juu hadi chini.

"Maji hayajui kunyooka namna hii," alisema. "Haya, nionyeshe viganja vyako."

Hakunipiga. Adhabu yake ilikuwa hii: kila mvua ikikatika, nikachomeke kijiti kwenye mdomo wa korongo, kisha nije nimwambie limekula kiasi gani. Kila nilipokwenda, kijiti cha awali hakikuwepo. Nilirudi na habari mbaya, naye alizipokea huku akipepeta uwele, bila kuinua macho. Yalibaki matuta sita kabla ya kufika kibanda chetu cha jikoni. Halafu manne.

Kisha, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, kijiti changu kilikuwa pale pale. Nilikitikisa nikihakikisha ndicho. Nikachungulia korongoni. Chini, kwenye ile shingo nyembamba ya miiba, Nyemo alikuwa akipanga mawe juu ya matawi, tope hadi mapajani. Nyuma ya mawe yake udongo ulikuwa umetulia, mwekundu, laini, umejaa kama uji kwenye bakuli.

"Nani amekutuma?" nilimuuliza.

"Hakuna. Nilikuona siku ile unachimba, ulimi nje kama mbuzi."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione utafika wapi." Alijipangusa pua kwa kiwiko. "Halafu mvua iliyopita korongo limefurika, likatumwagia mchanga mtupu, umefukia miche yetu yote. Udongo wenu ukiisha, sisi tutapanda kwenye nini? Shuka na jiwe, acha kunitolea macho."

Nilishuka na jiwe. Na siku ile, badala ya kushukuru, nilijaa wivu upya: kwa nini yeye aliwaza kuanzia chini, mimi nimekaa juu wiki nzima nikihesabu vijiti?

Mama Mkubwa na mama walipanda mkonge pembeni mwa mawe yale. Korongo lipo hadi leo, na mdomo wake haujasogea. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemchimbia Nyemo, shimo likaja kwetu. Na kwamba yule niliyemnyima udongo ndiye aliyeuzuia usiishe.

Nyemo bado analima pale. Kila baada ya mavuno hunitumia kiroba cha karanga kwa basi, nyingine zikiwa zimevunwa ndani ya korongo lenyewe, kwenye udongo ulionaswa na mawe yetu. Ni nene kupita zote. Hunipigia simu kuuliza kama zimefika.

"Zimefika," humwambia. "Ila safari hii ni ndogo kidogo."

Hucheka sana. Anajua ninaongopa.