Inshallah za Koko

Jamani, Kihispania kilinipanda kichwani! Bendera yetu ya uhuru ilikuwa bado mpya miaka ile, na kila mtu alikuwa na mipango. Mimi nilikuwa na vitenzi. Nikifagia ua wetu kijijini Ambanoro, mdomo haufungiki: hablaré, hablarás, hablará. Nitasema, utasema, atasema. Nikifaulu mtihani wa mdomo kule Mahajanga, ng'ambo ya bahari, napata nafasi ya shule ya bweni. Nikishindwa, fundi wa nguo jirani yetu ameshaniwekea kiti kwenye cherehani. Na cherehani nilikuwa sitaki hata kuiona.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Koko, bibi yangu aliyenilea. Tulisema Kingazija, Kifaransa hakukijua, seuze Kihispania. Siku moja aliacha kuchambua mchele akaniuliza, "Unasoma nini kutwa nzima?"

"Mambo nitakayofanya kesho, Koko."

"Yote hayo? Na sijasikia inshallah hata moja! Kesho ni ya baba yako?"

Basi ikawa sheria. Bila inshallah, hakuna chai. Nilinuna, nikatii, na baada ya wiki chache ulimi ukazoea.

Mahajanga nilifikia kwa shangazi, mtaa wa Tsaramandroso. Asubuhi ya mtihani sikumbuki hata nilikula nini. Msahihishaji, mama wa Kifaransa, alinitaka kitenzi cha kuishi, wakati ujao. Nikajitosa kwa mbwembwe: "Viviré, inshallah. Vivirás, inshallah. Vivirá, inshallah. Viviremos, inshallah..." Ndipo nikajisikia. Lo! Nikaziba mdomo. Kwisha habari yangu, nikawaza, cherehani hiyoo!

Yule mama akaweka kalamu chini. "Hilo neno la pili umelitoa kitabu gani?"

Nikamweleza kwamba kwa bibi yangu kesho haitajwi bila kumtaja Mwenyewe.

"Umebakiza nafsi mbili," akasema. "Malizia. Vilevile unavyomalizia mbele ya bibi yako."

Nikamalizia, machozi yananilenga, furaha imenijaa tele! Siku ya tatu matokeo yakabandikwa, nami nimo.

Meli ilipotia nanga Hell-Ville, bandari ya kwetu, sikungoja mzigo, nilitoka mbio. "Koko! Nimefaulu!" Tukakumbatiana, tukarukaruka, yeye na magoti yake mabovu. "Alhamdulillah! Alhamdulillah!" Hapo nikamwaga mipango: nitahamia Mahajanga, nitakaa bweni miaka mitatu, nitakuwa mwalimu. Yote mikavu, bila inshallah hata moja.

Nilipokumbuka, nikangoja kugombezwa. Koko alikuwa ameketi, anakunjakunja pindo la shiromani, shuka yake ya kujitanda. Ndipo iliponiingia kwamba nikihama mimi, anabaki peke yake. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kwenda.

"Inshallah," akasema kwa niaba yangu, taratibu, mara tatu, moja kwa kila mpango. Kisha akaniomba nimshushie sanduku alilokuja nalo kutoka Ngazija, tulianike juani kabla halijatiwa nguo zangu.