Mfuniko wa Sufuria ya Kima

Bibi aliuchukua mfuniko mkononi mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Alikuwa bosi wangu, mama mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tanga akaolewa Lilongwe, na mi nilikuwa mpishi wake mpya pale Area 47. Alinichukua kwa sababu nilijua Kiswahili, na yeye alikuwa amekaa miaka bila mtu wa kugombana naye kwa lugha aliyokulia. Basi alimpata. Mi nina hasira za karibu, hata leo.

"Unafunika nini?" akasema. "Kima haifunikwi. Shombo itatokea wapi?"

"Kwetu Bukavu nyama inafunikwa, Bibi."

"Ndiyo maana huko kwenu mnakula shombo."

Nilinuna nusu siku. Lakini macho hayanuni, niliangalia kila alichofanya. Nyama ya kusaga, ambayo yeye aliiita kima, aliiosha kwenye chujio, akaiminya, akaiacha ichuruzike. Ikaingia sufuriani bila tone la maji, na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na manjano kidogo. Nyanya na vitunguu maji vilisubiri pembeni. Nyama ikatoa maji yake ya kijivu yenye harufu ya buchani, na hapo mkono wangu ukaufuata mfuniko tena. Akaupiga kofi dogo. Ilibidi nikoroge, mvuke unipige usoni, mpaka maji yaishe na sufuria ibadili sauti, iache kutokota ianze kukaanga. "Usionje," aliniambia, "sikiliza." Nikasikiliza. Shombo ilikuwa imetoka dirishani, imekwenda kwa majirani au popote inapokwenda.

Kuhusu Bukavu nilimdanganya. Kufunika nilijifunza Dzaleka, kambi ya wakimbizi.

Kambini nyumba zetu zilibanana kiasi kwamba ukipiga chafya, jirani anakujibu pole. Tulikula mgao, mahindi na maharagwe, wote sawa. Nyumba inayonukia nyama katikati ya mwezi ni nyumba yenye mtoto anayefanya kazi mjini, na sisi kufanya kazi mjini hatukuruhusiwa. Ilisemwa kuna familia ilifutwa kwenye liste ya chakula kwa sababu hiyo. Nani aliiona familia hiyo kwa macho? Hakuna. Lakini mwenye njaa hangoji ushahidi. Mtu akipata nyama alifunga mlango, akafunika sufuria, akaweka na jiwe juu ya mfuniko.

Ndani ya nyumba kama hiyo nilimwacha mama yangu. Mi nililala mjini, Kauma, chumba cha kupanga, na kila Jumapili ya pili nilipanda minibasi mpaka njia panda, halafu kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka mlangoni kwake. Mwaka ule alikuwa anaisha. Viganja vilikuwa vyeupe kama unga, na akitoka chooni kurudi kitandani alipumzika mara mbili. Kliniki walisema damu imepungua, dawa peke yake haitoshi, ale nyama. Meno hayakuwepo, kwa hiyo iwe ya kusaga. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Mama hakuweza harufu ya nyama mbichi. Tangu njia tuliyopita kutoka Kivu, kuna asubuhi moja ambayo yeye na mi hatukuwahi kuizungumza, na sitaiandika hapa pia. Ikimfikia harufu ile kidogo tu, alifunga mdomo na kugeukia ukutani. Maharagwe alikula. Usipa, vile visamaki vya ziwani, alijitahidi. Nyama, hapana.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyofurahi siku ile Area 47. Nilidhani nimepata dawa. Nilimwambia Bibi ukweli kuhusu mama, akanitazama, akasema mficha maradhi kilio humfichua, kwa nini umekaa kimya muda wote huu? Tangu siku hiyo kila Jumapili yangu alinifungia kima kwenye mfuko, na tangawizi.

Mara ya kwanza niliosha, nikaminya, nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, ndani. Maji ya kijivu yalipoanza kutoka, mama akainuka kwa kiwiko.

"Funika, mtoto yangu."

"Mama, hii haifunikwi. Harufu lazima itoke."

"Itoke iende wapi? Bantu iko inje. Batatufuta. Funika."

Nikafunika. Nyama ikachemka ndani ya maji yake yenyewe, na nilipofunua, chumba kizima kilinuka mbichi. Nilitia nyanya, nilitia dania, nilitia kila alichonipa Bibi. Mama alichukua kijiko kimoja ili nisivunjike moyo. Akakirudisha.

"We njo unajua kupika," aliniambia, "mi njo sijui kula." Alikuwa akinibembeleza, naye ndiye mgonjwa.

Nilijaribu kupika Kauma na kubeba. Ilifika imepoa, mafuta yameganda, na kuipasha moto kuliirudisha harufu. Nilijaribu kufunua kidogo, upande mmoja, mama akiwa amesinzia. Nikasikia nyayo nje, nikafunika mwenyewe, haraka, hakuna aliyeniambia. Hiyo ndiyo inayonila mpaka leo. Mama alikuwa mgonjwa, alikuwa na haki ya kuogopa. Mi nilikuwa na afya, na mdomo wa kugombana na Bibi mzima wa Area 47, na kwetu nilikuwa mwoga.

Tuliendelea hivyo Jumapili nyingi. Mfuniko, jiwe, kijiko kimoja, ukuta. Alikufa msimu wa baridi, siku ya katikati ya wiki, mi nikiwa jikoni kwa watu nakaanga kima.

Bibi alinipa beseni zima la kima kwa ajili ya matanga. Nilipika nje, mbele ya mlango, kwenye sufuria kubwa ya kuazima. Sikufunika. Wa kulindwa asifutwe alikuwa ameshafutwa. Mvuke ulipanda, nikakoroga, nikasikiliza mpaka sauti ikabadilika, na kima ikatoka safi, bila shombo hata chembe, kama ile ya Area 47.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kinyarwanda aliyekuwa akimchotea mama maji, alisimama karibu yangu na sahani.

"Leo njo inanukia bien, dada," alisema. "Zile siku zingine ilikuwa inatufikia mbichi."

"Siku gani?"

"Zile Jumapili zako. Harufu ilikuwa inapita juu ya ukuta. Mi nilikuwa naingiza batoto ndani, nafunga mlango, mama yako asione haya."

Nilimuuliza kama wengine nao walijua. Akasema wote. Nikamuuliza, kwa hasira, sikuweza kuizuia, mbona hakusema hata neno moja.

"Ningesema nini?" alijibu. "Hata sisi tunafunika."

Nikamjazia sahani, akaenda kukaa na wenzake. Watu walikula mpaka sufuria ikakwanguliwa, na wakanisifu. Mi sikula. Ndani, juu ya mbabula baridi, sufuria yetu ndogo ilikuwa bado na mfuniko wake, na jiwe juu. Harufu ilikuwa imewafikia watu wote tuliowaogopa, na sehemu yake kubwa nilimfungia mama yangu nayo humo ndani, bure.