Mwarobaini wa Shemeji

Mwaka niliofiwa na mume wangu, kaka yake mkubwa ndiye aliyenigawia mbegu ya tangawizi. Alichagua mwenyewe kutoka kwenye lundo lake pale kijijini Mamba, akanijazia gunia, akanipa pole. Nilipanda karibu yote. Mvua zilipokolea majani yakanyauka yangali mabichi, na kila shina nililong'oa lilinuka uozo.

Bwana shamba alikata kipande, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe za ute zikateremka kama maziwa. "Hawa ni bakteria, mama. Walikuja na mbegu." Shemeji amelima tangawizi tangu ujana, ute ule hawezi kuukata kwa kisu asiuone.

Ndani ya gunia vilikuwa vimebaki vipande vichache vizima. Nikateremka Hedaru, kule tambarare, kuokota mbegu za mwarobaini, nikazianika kivulini, nikazitwanga, nikaziloweka usiku kucha, nikachuja. Katika maji yale machungu niliitosa tangawizi yangu kabla ya kuipanda kwenye kiraka kipya. Shemeji alinicheka mbele ya kikundi cha wakulima: "Huyu anaipikia tangawizi mchuzi!" Mimea michache ilioza hata hivyo, nikaing'oa na kuichoma. Msimu wa pili nilikuwa na mbegu safi ya kutosha.

Msimu huohuo lundo lake lote likaoza. Akaja.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nisaidie mbegu, shemeji. Sina hata ya kuanzia."

"Lile gunia ulilonipa, ulijua?"

"Nilijua."

Nikamwekea kinu uani, mahali panapoonekana barabarani, na debe la mbegu za mwarobaini. Alitwanga tangu asubuhi mpaka jua likageuka, bodaboda wakipunguza mwendo kumwamkia. Hata chai sikumkaribisha. Alipomaliza nikamweleza namna ya kuloweka na kuchuja, hatua kwa hatua, bila kumficha kitu, nikamfungia ule unga vizuri kwenye mfuko.

"Dawa hiyo, shemeji. Mbegu katafute kwingine."

Mwaka ule shamba lake liliota magugu. Kila nilipopita nilifurahi, na mpaka leo nafurahi. Jumapili kanisani, sala ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, huwa nakohoa.